Mtu wa Kwetu Akichekwa

Nimewahi kumshuhudia jirani yangu uongo ndani ya jengo la kanisa, sahani ya chakula ikiwa mkononi mwangu, na watu waliokuwapo wakacheka sana. Jirani mwenyewe hakuwapo. Yuko mbali, Alaska, wala hajui kama nilizaliwa. Lakini amri ya nane haiulizi kama jirani yupo chumbani. Tangu siku ile nimebeba swali ambalo naamini linamhusu kila msharika, awe anapenda siasa au hazipendi. Je, ni haki kwa Mkristo kumpenda kiongozi na kusimama naye kwa sababu ni mtu wa kwetu, anayechekwa kama sisi tunavyochekwa? Na yule anayecheka, je, hana hatia yoyote?

Ilikuwa Juni 2010. Nilikuwa bado mwanafunzi wa theolojia, nikapata neema ya kuwa mmoja wa wageni waliotumwa Minnesota, Marekani, kwa njia ya Bega kwa Bega, ushirikiano unaounganisha sharika za Dayosisi ya Iringa na sharika za Sinodi ya Saint Paul. Nilikaa majuma matatu katika nyumba ya mama mmoja, mumewe, na kijana wao wa miaka 15. Kijana huyo alizaliwa na sindromu ya Down, hali inayomfanya mtoto akue na kujifunza polepole kuliko wenzake. Ndiye aliyenionyesha chumba changu, na ndiye aliyenifundisha kutumia mashine ya kahawa, kwa subira ambayo sikuwahi kuipata kwa mwalimu yeyote.

Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, tulishuka katika ukumbi ulio chini ya kanisa kula chakula ambacho kila familia ilikuwa imekileta. Mtu mmoja akaniuliza kama sisi Tanzania tunazifahamu siasa zao. Mgeni hutaka kupendwa. Nikajibu kwamba tunamfahamu yule mama, Sarah Palin, aliyejisifu kwamba anaijua Urusi kwa sababu anaiona kutoka nyumbani kwake. Nikaiga na sauti, kama nilivyoiona kwenye runinga nikiwa chuoni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mwenyeji wangu hakucheka. Alimfuta mwanawe mdomo kwa kitambaa, akakusanya vyombo vyake.

Ndani ya gari, tukirudi nyumbani, aliniambia kwa upole: "Mchungaji, yale maneno hakuyasema yeye." Alipenda kuniita Mchungaji ingawa nilikuwa sijabarikiwa bado.

Alikuwa na haki. Maneno yale yalisemwa na mchekeshaji, Tina Fey, aliyekuwa akimwigiza Palin katika kipindi cha vichekesho mwezi Septemba 2008. Palin mwenyewe, alipohojiwa na mwandishi wa habari, alisema kwamba kuna mahali Alaska, katika kisiwa fulani, ambapo Urusi inaonekana. Na hilo ni kweli. Katika mlango wa bahari wa Bering kuna visiwa viwili vya Diomede, kimoja cha Marekani na kimoja cha Urusi, na kati yao hakuna hata kilomita 4. Mtu anaweza kusema kwamba jibu lake lilikuwa dhaifu kwa swali la mambo ya nje, na mimi nasema hivyo mpaka leo. Lakini mimi sikusema jibu lilikuwa dhaifu. Nilimtia mdomoni maneno ambayo si yake, nikayafanya kuwa kitoweo cha chakula cha Jumapili.

Mama huyu ni nani

Kwa wasiomfahamu, nieleze kwa ufupi. Sarah Palin alizaliwa mwaka 1964 katika jimbo la Idaho, akalelewa Alaska. Mwaka 1992 aliingia katika baraza la mji wa Wasilla, mji mdogo ambao haukufikia watu 10,000, na mwaka 1996 akachaguliwa kuwa meya. Mwaka 2006 alimshinda Frank Murkowski, gavana aliyekuwa madarakani, katika kura za ndani za chama chao cha Republican, kisha akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Alaska. Tarehe 29 Agosti 2008 John McCain alimtangaza kuwa mgombea mwenza wake wa urais. Chama hicho hakikuwahi kumpa mwanamke nafasi hiyo.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Septemba, alihutubia mkutano mkuu wa chama. Mkutano huo ulifanyika Saint Paul, mji uleule ambao sisi wa Iringa tumezoea kuutaja katika maombi yetu. Zaidi ya watu milioni 37 walimtazama kwenye runinga. Walimwona mama wa watoto watano, ambaye mumewe alifanya kazi katika visima vya mafuta na kuvua samaki. Mtoto wa mwisho, Trig, alikuwa amezaliwa Aprili mwaka huohuo akiwa na sindromu ya Down. Binti yake wa miaka 17 alikuwa mjamzito kabla ya ndoa, na taifa zima lilikuwa limeambiwa. Alikuwa mpinzani wa utoaji mimba, mtetezi wa haki ya kumiliki bunduki, mpenda uchimbaji wa mafuta, na mtu asiyeitaka serikali kubwa.

Wamarekani waligawanyika juu yake mara moja. Wengine walimwona hana maarifa ya kutosha, hasa alipobabaika mbele ya Katie Couric alipoulizwa anasoma magazeti gani. Wengine walipomwona anababaika walizidi kumpenda. Alipojiuzulu ugavana Julai 2009, kabla ya muda wake kwisha, wapinzani wake walisema amewatoroka watu wake, na wafuasi wake walisema amejitoa mhanga kwa ajili ya watu wake. Kitabu chake kilipotoka Novemba mwaka huo, kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja katika majuma machache. Alizunguka kwa basi katika miji ya kawaida, na watu wakalala nje ya maduka ya vitabu ili wapate sahihi yake. Hakuna chama kilichowalipa kulala pale.

Kwa nini walimpenda

Mama mwenyeji wangu alikuwa mmoja wa watu hao. Aprili 2010, Palin alipokuja Minneapolis kumfanyia kampeni mbunge Michele Bachmann, yeye alikwenda pamoja na mwanawe. Nilipomwomba anieleze, hakuanza na kodi wala mafuta wala bunduki. Alianza na usiku ule wa Septemba 2008. Alisema: "Hotuba ilipokwisha, familia yote ilipanda jukwaani na yule mtoto. Kamera zote za dunia zilikuwa pale, na hawakumficha. Miaka 13 nilikuwa naingia madukani watu wanageuza macho. Usiku ule mtoto kama wangu alikuwa jukwaani, na hakuna aliyegeuza macho."

Katika hotuba ile Palin aliwaahidi wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu kwamba wakishinda watakuwa na rafiki katika Ikulu. Basi wazazi walikwenda kwenye mikutano yake wakiwa wamewabeba watoto wao, na yeye alikuwa akishuka kuwashika mikono. Ndugu msomaji, ukitaka kuelewa upendo wa watu wa kawaida kwa kiongozi, usianze na ilani yake. Anza na jeraha lao.

Lilikuwapo na jeraha lingine. Aprili 2008, akiwa San Francisco, Barack Obama alisema kwamba watu wa miji midogo iliyopoteza ajira wamejaa uchungu, na kwa sababu hiyo wanang'ang'ania bunduki au dini. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba hakulisema jambo hilo vizuri. Lakini watu walikuwa wamesikia. Walisikia kwamba sala zao ni dalili ya ugonjwa. Alipotokea mama aliyesali kama wao na kutamka maneno kama wao, kila aliyemcheka alionekana amewacheka wao.

Na hapa kicheko kinatufikia hata sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2005, katika kanisa la Assemblies of God mjini Wasilla, mhubiri kutoka Kiambu, Kenya, Thomas Muthee, alimwekea Palin mikono na kumwombea afanikiwe katika safari yake ya ugavana, na Mungu amlinde na kila namna ya uchawi. Septemba 2008 picha za video za maombi hayo zilisambaa Marekani, na watu wengi wakacheka. Mimi nina maswali yangu juu ya namna baadhi ya wahubiri wanavyouzungumzia uchawi, kwa maana tunajua jinsi wazee wetu, hasa bibi zetu, wanavyoumizwa kwa tuhuma hizo. Lakini wengi waliocheka hawakuwa na habari na bibi zetu. Walicheka kwa sababu lafudhi ilikuwa ya Kiafrika na mtu alikuwa anaomba kana kwamba Mungu anasikia. Nilipoitazama video ile nyumbani kwa mama yule, niliona aibu. Lafudhi iliyokuwa inachekwa ni ndugu ya lafudhi yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Bwana wetu anaifahamu dharau hiyo. Nathanaeli aliposikia habari zake aliuliza kama jema lolote linaweza kutoka Nazareti. Petro katika ua wa kuhani mkuu alitambulikana kwa usemi wake wa Kigalilaya. Injili ililetwa kwetu na watu ambao wenye elimu wa Yerusalemu waliwaona washamba. Kwa hiyo kanisa haliwezi kuwa mahali pa kuwacheka watu kwa sababu ya mji wao, shule yao au matamshi yao. Nilipofanya hivyo, sikuwa natetea elimu. Nilikuwa natafuta nafasi miongoni mwa wenye nguvu wa meza ile.

Pale upendo ulipopita mpaka

Ningekuwa nimemaliza hapa kama kungekuwa na upande mmoja tu wa habari hii. Lakini katika ukumbi ule kulikuwa na mama mwingine, muuguzi, ambaye kwa miaka mingi alifundisha shule ya Jumapili pamoja na mama mwenyeji wangu. Nilipofika walikuwa hawasemezani. Wakati wa kupeana amani kabla ya Chakula cha Bwana, mmoja alielekea viti vya kushoto na mwingine viti vya kulia.

Waligombana juu ya andiko moja fupi. Tarehe 7 Agosti 2009, wakati bunge la Marekani linajadili mpango wa afya wa Rais Obama, Palin aliandika katika Facebook kwamba wazazi wake wazee na mtoto wake Trig wangelazimika kusimama mbele ya jopo la kifo, la maafisa ambao wangeamua kama wanastahili kutibiwa. Mama mwenyeji wangu alisoma hayo akiwa na mwanawe pembeni. Hofu iliyomwingia mzazi mwenye mtoto kama huyo, kila mzazi anaweza kuielewa.

Lakini katika mswada hakukuwa na jopo la namna hiyo. Kilichokuwamo ni kifungu cha kuwalipa madaktari kwa muda wanaoutumia kuzungumza na mgonjwa, kama mgonjwa mwenyewe anataka, kuhusu matunzo anayoyapenda katika siku zake za mwisho. PolitiFact, waandishi wanaohakiki kauli za wanasiasa, walikichagua kisa hicho kuwa uongo wa mwaka 2009. Hata hivyo hofu ilikuwa imefanya kazi yake, na kifungu hicho hakikuingia katika sheria iliyopitishwa. Yule muuguzi alikuwa amekaa na watu wengi wanaokufa, akiwashika mikono na kuwauliza wanataka nini. Sasa rafiki yake wa miaka mingi alikuwa anasema mbele ya watu kwamba kazi kama hiyo ni ya wauaji.

Nilimwuliza mama mwenyeji wangu kama anaamini bado habari za majopo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Najua hayakuwapo. Nilisoma baadaye. Lakini nikilikiri hilo mbele yao, watacheka tena. Na safari hii watakuwa wananicheka mimi."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka mingi. Uongo wa kiongozi wake ulimtia hofu juu ya mtoto yuleyule ambaye kwa ajili yake alimpenda kiongozi huyo. Aliujua kuwa ni uongo. Na kilichomzuia kuutupa ni kicheko, changu kikiwamo. Sisi tuliokuwa na ukweli upande wetu tuliufanya ukweli kuwa nyumba ambayo mtu hawezi kuingia bila kudhalilishwa mlangoni.

Amri mbili

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo wengi wetu tuliikariri kabla ya kipaimara, haituachi tuifikirie amri ya nane kuwa ni kukataza uongo peke yake. Inatuagiza kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyaelewa mambo yake yote kwa namna iliyo njema zaidi. Mtu anaweza kuuliza: je, si hivyo ndivyo wafuasi wa Palin walivyofanya? Alipojiuzulu, walielewa kwa wema. Alipokosea, walielewa kwa wema. Je, wao si watii wa Katekisimo kuliko sisi?

Najibu kwamba walitii nusu. Wema wa kumwelewa mtu walimpa kiongozi, wakamnyima muuguzi aliyekaa viti vitatu kutoka kwao. Na sisi tuliokuwa upande wa pili tulifanya vivyo hivyo kinyume chake: tulimpa wema kila mtu isipokuwa yeye. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wema unaotolewa kwa mtu wa kwetu peke yake ni kambi iliyovaa nguo za upendo. Tena kumwelewa mtu kwa wema si kuuita uongo kweli. Ninaweza kuamini kwamba Palin aliandika akiwa na hofu ya kweli ya mama, na bado nikasema kwamba alichoandika hakikuwa kweli. Sentensi hizo mbili zinaweza kukaa katika kinywa kimoja cha Mkristo. Kambi haziruhusu, Kristo anaruhusu.

Ndipo inakuja amri ya kwanza. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukitumaini, hicho ndicho mungu wako. Utajuaje basi kama kiongozi amevuka kutoka nafasi ya mtumishi na kukalia kiti hicho? Naona dalili moja iliyo wazi: pale ambapo huwezi tena kusikia kwamba amekosea bila kuhisi kwamba wewe mwenyewe unakufa. Mtumishi anaweza kukosea ukabaki salama. Mungu wako akikosea, umekwisha. Kwa hiyo utamlinda kwa lolote, hata kwa uongo.

Sisi Walutheri tusilichukulie jambo hili kuwa la Wamarekani tu, maana sisi tunaitwa kwa jina la mtu. Luther mwenyewe mwaka 1522 aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake. Alichekwa na maaskofu na wasomi, naye alicheka na kutukana sana, na watu wake walimpenda kwa sababu alisema lugha yao. Lakini mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ya kutisha, na kwa karne nyingi waliompenda walinyamaza au walitafuta visingizio. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, ndugu zetu haohao wa Saint Paul, liliyakataa maneno hayo hadharani, likaeleza huzuni yake kwa Wayahudi. Je, kanisa hilo liliacha kuwa la Kilutheri? Hapana. Lilionyesha kwamba lilimpenda Luther kama mwalimu, wala halikumwabudu. Nyani haoni kundule, lakini kanisa lina kioo, nacho ni Neno.

Mkataa kwao ni mtumwa. Hekima hiyo ya wazee ni ya kweli. Hakuna dhambi kufurahi mtu wa kwenu anapoinuliwa. Lakini kuwa wa kwetu ni sababu ya kumsikiliza mtu, si sababu ya kuwa na haki katika kila asemalo. Nazareti ilidharauliwa bila haki, lakini kudharauliwa huko hakukumfanya kila Mnazareti kuwa Masihi. Tena Luka sura ya 4 inatuambia kwamba Bwana alipowaambia watu wa kwao neno wasilolitaka, walimtoa nje ya mji ili wamtupe kutoka juu ya kilima. Walitaka mtu wa kwao aliyeko upande wao. Wakapata mtu wa kwao aliyewapenda kiasi cha kuwaambia kweli.

Na anayechekwa naye anajua kucheka. Katika hotuba yake ya Saint Paul, Palin aliidhihaki kazi aliyoifanya Obama ujanani ya kuwaunganisha wakazi maskini wa Chicago, kazi iliyoanzia katika makanisa ya Kikatoliki ya mji huo. Ukumbi ulicheka sana. Waliojeruhiwa kwa dharau walipewa dharau wakaipokea kama dawa. Ndiyo kazi ya shetani katika siasa zetu: hugeuza jeraha kuwa silaha, na kila upande husema, "Wao ndio walioanza."

Tufanyeje basi

Jumapili ya pili niliomba kusimama wakati wa salamu za wageni. Nilisema kwamba juma lililopita nilitamka maneno kuhusu Bi. Palin ambayo hakuyasema, na kwamba kwetu tunafundishwa kuwa huo ni ushahidi wa uongo, na nikaomba msamaha. Wachache walicheka wakidhani ni utani mwingine. Yule muuguzi hakucheka. Baada ya ibada nilimkuta jikoni anaosha vikombe, na mama mwenyeji wangu amesimama kando yake na kitambaa cha kukaushia. Muuguzi alisema, bila kugeuka, "Na mimi nimeyasema maneno hayo kwa miaka miwili." Mwenzake hakujibu. Alipokea kikombe, akakikausha, akapokea kingine.

Sina kanuni nyingi za kuwapa washarika wangu wakati wa uchaguzi unapofika na kofia na kanga za vyama zinapoingia mpaka ndani ya kwaya. Nina maswali matatu ambayo hujiuliza mwenyewe kwanza. Je, naweza kutaja kosa moja la kiongozi ninayempenda, kwa sauti, mbele ya wanaompinga? Je, naweza kutaja jema moja la yule nisiyempenda, mbele ya wanaompenda wangu? Na je, mtu wa upande ule akitaka kukiri kwamba alikosea, mimi ni mtu ambaye anaweza kuja kwangu bila kuogopa kicheko? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo la kichungaji. Sisi tunaoketi kusikiliza maungamo tunajua kwamba hakuna anayetubu mbele ya mtu anayemdhihaki.

Majira ya joto ya mwaka 2011 watu wa kujitolea walikuwa Iowa wakijenga mtandao wa kumwunga mkono Palin kwa urais, ingawa yeye hakuwa ametangaza lolote. Tarehe 3 Septemba, miaka mitatu kamili baada ya hotuba ya Saint Paul, walikusanyika Indianola wakitumaini atatamka. Hakutamka. Tarehe 5 Oktoba alitangaza kwamba hatagombea. Zaburi ya 146 inatuonya tusiwatumainie wakuu, kwa maana pumzi yao hutoka na mawazo yao hupotea pamoja nao. Watu wale waliuonja ukweli huo wakati mkuu wao angali hai.

Krismasi ya mwaka huo nilipokea barua kutoka kwa mama mwenyeji wangu. Kijana alikuwa ameanza kazi ndogo ya kupanga bidhaa dukani. Mama alikuwa bado anampenda Palin, akaniandikia hivyo bila kuficha, na yule muuguzi alikuwa bado hampendi kabisa. Habari za Oktoba zilipotangazwa, alisema, alikaa jikoni akalia, akajiona mjinga. Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa muuguzi, ameleta sufuria ya supu. Waliketi wakala, na kijana wao akaomba sala ya chakula.

"Alijua kwa nini nilikuwa nalia," aliandika, "wala hakucheka."